Mapokezi ya Upande Mmoja

Leo mwaka unatimia, Mama Godelieve, tangu utuache sisi wa nyumba yako hapa Walikale, alasiri ya tarehe 9 Mei 2014, mvua ikiwa imekatika punde. Moyo wako ulikuwa mgonjwa kwa muda mrefu kuliko ulivyotuambia. Daktari alitueleza hivyo baadaye, na tulipokumbuka vizuri tukaona kwamba dalili zilikuwa mbele yetu. Ulikuwa umeacha kupanda kilima cha parokia bila kusimama njiani, na kila uliposimama ulijifanya unatazama jinsi watu wanavyotembea.

Wengine watakaosoma maneno haya hawakukujua, kwa hiyo tuseme ulikuwa nani. Ulikuwa Godelieve Kanyere, mzaliwa wa Butembo, binti wa wafanyabiashara wa Kinande. Uliolewa na Papa Jules, mfanyabiashara pia, ukamfuata Kalembe, kijiji kilicho mpakani mwa Masisi na Walikale. Jules aliuza chumvi, sabuni na vitenge. Wewe ulifundisha michezo ya kucheza kwa hatua, na mingine uliitunga mwenyewe, shuleni na kwenye chapeli, kwa watoto na kwa wasichana wanaocheza misani. Wapo waliosema kwamba hiyo si kazi. Hukubishana nao. Ulisema tu kwamba mazoezi yanaanza saa tisa, na saa tisa ulikuwa umeshasimama uwanjani.

Hatutasema kwamba ulikuwa mchangamfu, kwa sababu hukuwa. Ulicheka mara chache, na mara nyingi ulicheka peke yako, kwa jambo uliloliona miguuni mwa mtu. Kwenye harusi hukucheza hata mara moja, na mashemeji zako walidhani unajidai. Ulikaa kitini ukitazama, na tukirudi nyumbani ulitutajia nani ataanza kuumwa na goti kabla ya uzee wake. Katika wale tuliowafuatilia, ulikuwa umesema kweli.

Ulifundisha bila ngoma. Miaka ile ya vita, ngoma ikilia saa isiyotazamiwa watu walifunga mizigo, kwa hiyo ulitumia viganja, na baadaye hata viganja ukaviacha. Wasichana wako walifuatana kwa pumzi. Aliyekuwa mbele alivuta pumzi, walio nyuma waliona mabega yake yakipanda, wakaondoka naye. Mgeni akipita alisikia miguu tu juu ya udongo. Uliposahihisha ulisema maneno machache. "Usinionyeshe kwamba unaweza. Cheza." Ulipoona kosa lile lile mara ya pili, hukusema tena; ulikwenda kusimama mahali pa yule mtoto, ukaifanya hatua ile wewe mwenyewe, kisha ukamrudishia nafasi yake.

Michezo ya Wahunde, ya Wanyanga na ya wasemaji wa Kinyarwanda uliijifunza kwa kukaa na akina mama wa kila upande, miezi mingi, ukiwasaidia kumenya mihogo. Hukuipenda ikichanganywa. Ulisema kila mmoja una jinsi yake ya kukanyaga chini, na anayeuchanganya anaficha kwamba hakujifunza hata mmoja.

Msichana mmoja wa Kalembe, Mukankusi, alikuwa amepigwa risasi kwenye kifundo cha mguu, na mguu ule haukukunjika tena. Alikuja kutazama mazoezi akiwa ameegemea ukuta. Ulimwambia aingie. Siku iliyofuata ulibadilisha hatua ya wote ifuate mguu wake, kila mmoja akiburuta kidogo mguu wa kushoto kabla ya kuuinua. Hukumweleza mtu sababu. Watu wengi wanadhani mpaka leo kwamba ule ni mtindo wa mji fulani.

Kazi yako kubwa ilikuwa mchezo uliouita Mapokezi. Uliutunga Kalembe mwaka 2012, kwa ajili ya sikukuu ya parokia, wakati watu wa upande wa Masisi na watu wa upande wa Walikale walikuwa hawasalimiani sokoni. Mchezo huo una mistari miwili. Mstari wa wageni unatoka mbali, kila msichana na kitunga, kikapu cha mzigo, kichwani. Mstari wa wenyeji unawangoja, unawasogelea, unanyosha mikono, unawatua mizigo yao. Basi. Mchezo wote ni huo, na ulikuchukua karibu mwaka mzima. Wageni uliwachagua kutoka familia za upande wa Masisi, wakiongozwa na Joséphine-Marie. Wenyeji uliwachagua upande wa Walikale, wakiongozwa na Nadine. Kila mstari ulikanyaga kwa jinsi ya kwao, na mahali pa kutua kitunga tu ndipo walipolazimika kupata pumzi moja.

Mwanzoni hawakutaka kugusana mikono. Tunakumbuka Nadine akisema, bila kushusha sauti, "Mama, miye nitapokea kitunga. Vidole vyake abaki navyo." Na Joséphine-Marie akamjibu kutoka upande wa pili, "Kwani nani alikuambia vidole vyangu viko vya kugawa?" Wote wakacheka, wewe pia. Uliwaacha wapokezane hivyo, kwa ncha za vidole, vitunga vikianguka, mpaka walipochoka wenyewe kuokota.

Jumatano kabla ya sikukuu, risasi zilianza upande wa soko. Familia za upande wa Masisi zilikimbia kuelekea Mweso. Sisi na wenzetu tulishika njia ya Pinga, kisha msitu, mpaka Walikale. Duka lilibaki wazi. Jules alibeba redio, na wewe ulibeba kitunga kimoja cha mazoezi, ukiwa umetia ndani yake unga. Kabla hatujaachana, pale njia zinapogawanyika, uliwaita Nadine na Joséphine-Marie, ukawaambia mchezo hautachezwa mbele ya watu mpaka mistari yote miwili iwepo. Wakaitikia. Wasichana wale walikuwa wanalia, na sisi tulikuwa tunakuvuta mkono twende.

Hapa Walikale ulianza tena kwa mstari wa wenyeji tu, wasichana waliokimbilia huku na Nadine. Wengine waliolewa, wengine walikwenda na wazazi wao kutafuta maisha njia ya Kisangani, ukaziba pengo kwa watoto wa hapa. Kila alasiri mstari wako ulitoka, ukasogea mbele, ukanyosha mikono, ukatua mizigo isiyokuwepo. Ulidai mikono ishuke kwa uzito wa kitunga kilichojaa. Aliyeishusha haraka ulimrudisha nyuma. "Umepokea pamba," ulimwambia. "Mgeni wako alibeba viazi toka Masisi."

Watu walipita wakatazama. Siku moja madereva wawili wa pikipiki waliegesha kando ya uwanja.

"Mama, hawa watoto banacheza na nani?"

"Na wenzao."

"Beko wapi?"

"Masisi."

"Eh! Basi watachelewa, Mama. Barabara iko mbaya kabisa."

"Njo maana tunaanza mapema," ulisema. Hukugeuka kuwatazama.

Tuliposimuliwa jambo hili tulicheka nyumbani jioni ile, lakini wewe hukucheka.

Ulijaribu kuwapata wageni wako. Ulituma salamu kwa madereva wa malori, kwa akina mama wa sokoni, kwa padri mmoja aliyekuwa anahamishwa. Joséphine-Marie alijibu mara moja, kwa simu ya mtu mwingine iliyoshika mtandao juu ya kilima. Alisema, "Mama, tunangoja." Kisha mtu yule akahitaji simu yake. Baada ya hapo hatukumsikia tena ulipokuwa hai.

Papa Gustave, mnunuzi wa mawe ya madini kutoka machimbo ya Bisie, alikuja nyumbani kukuomba wasichana wacheze kwenye sherehe yake. Alikuwa ameshaona mazoezi. Alikaa, akanywa chai, akasema mchezo ni mzuri ila una kasoro.

"Mama Godelieve, mikono yote ile juu na haipokei kitu! Wageni wangu watasema tunawaombaomba."

"Si uwape watoto kitu, basi. Wataacha kuomba."

"Mimi nasema ukate tu kipande kile. Watoke, wazunguke, wamalize."

"Papa Gustave, kata shati yako katikati, uvae upande mumoja, uje nayo kwa sherehe. Nikiona inakupendeza, na miye nitakata."

Alicheka, akaaga vizuri, akachukua kundi lingine. Wazazi kadhaa walikukasirikia, kwa sababu watoto wao wangekula vizuri siku ile. Jumatatu mazoezi yalianza saa tisa.

Lililokuumiza lilikuja kutoka mahali pengine. Mama Emérita, jirani yetu, mwenyeji wa hapa, alimtoa binti yake kwenye mstari. Alikuja mwenyewe kukueleza, kwa heshima, akiwa amevaa kitenge chake cha misa. Alisema kwao nyumbani, mtu akinyosha mikono kupokea na mbele yake hakuna mtu, anajulikana anampokea nani, naye si mtu aliye hai. Alisema wewe ni Mnande, hukukusudia ubaya, lakini mtoto wake amekuwa haendi tena kisimani peke yake.

"Mama Emérita, wale ni wazima," ulisema. "Wako upande wa Masisi."

"Nani alikuambia ni wazima?"

Mama Emérita aliinama karibu nawe.

"Leo hii, dada yangu. Leo. Nani alikuambia?"

Ulikuwa mtu asiyesema asichokijua. Tulikuwa tumekaa wote pale, na kila mmoja wetu alikuwa na uwongo mdogo ambao ungetosha. Ulisema, "Sijui." Mama Emérita alikushika mkono, akaaga. Binti yake hakurudi, na baada yake wakaondoka wengine. Ulibaki na Nadine na watoto wachache, wengi wao wa wakimbizi kama sisi, ukaupanga mstari wao kwa nafasi pana ili uonekane mrefu.

Miezi ya mwisho ulifundisha ukiwa umekaa kwenye benchi. Ulionyesha hatua kwa vidole viwili vya mkono wa kulia juu ya ubao wa benchi, kidole cha shahada na cha kati, na watoto wakainama kutazama, wakaenda kufanya kwa miguu. Kidole kilichokuwa mguu wa kushoto ulikiburuta kidogo kabla ya kukiinua. Ulituambia umekaa kwa sababu ukikaa unaona vizuri zaidi. Tulikuamini kwa kuwa ilikuwa rahisi kukuamini.

Tulikuzika Walikale. Butembo ilikuwa mbali na njia haikuwa salama. Kaka yako Henri alisikia habari baada ya mazishi.

Sasa tukueleze yaliyotokea mwaka huu, kwa sababu yanakuhusu wewe kuliko sisi.

Mwezi wa kwanza binti yako Kaswera alikwenda Masisi na mzigo wa baba yake, njia ilipofunguka kwa muda. Alimtafuta Joséphine-Marie akampata. Ni mzima. Ana mtoto, anaitwa Prince, na anafundisha watoto kucheza kwenye kambi ya wakimbizi. Wengi wa mstari wa wageni ni wazima pia. Tulipopata habari hii tulifikiria Mama Emérita, tukaenda kumwambia. Alifurahi kwa kweli. Kisha akasema, "Na yeye angependa kusikia."

Kaswera aliuona mchezo wao. Wageni wanatoka mbali, vitunga kichwani, hatua ni zile zile zako, mguu wa kushoto unaburutwa. Wanafika mbele. Pale ambapo wenyeji wangewapokea, wanasimama. Kisha kila msichana anapiga magoti, anajitua kitunga mwenyewe, anakaa kando yake. Mwisho. Watu wa kambi waliangalia bila kupiga makofi mwanzoni, halafu wakapiga sana. Kaswera anasema ni mchezo mzuri. Anasema si wako.

Alipomwuliza kwa nini, Joséphine-Marie hakutafuta maneno.

"Dada, usinikasirikie. Tulingoja. Watoto walikuwa wanasimama na vitunga kichwani mpaka shingo zinatetemeka, wananiuliza, 'Mwalimu, tunampelekea nani?' Siku moja kamtoto kamoja kadogo kakaweka kitunga chini, kakakaa. Sikukachapa. Nikaona njo vile tuko."

"Mama alikufa anawangoja," Kaswera alimwambia.

"Najua. Mulisema amekufa, nikajua amekufa anangoja. Nani mwingine angefanya vile?"

Tangu lini walianza kuucheza hivyo? Kaswera aliuliza pia. Joséphine-Marie alisema ni tangu msimu wa maharage wa mwaka juzi. Ina maana wakati ulipomkatalia Papa Gustave, wakati ulipomwambia Mama Emérita kwamba hujui, mstari wa pili ulikuwa umeshajitua mizigo. Hatukuandikii haya kukuumiza. Ni tarehe tu, na tuliona haifai kukuficha.

Mwezi wa nne Nadine alikuja nyumbani. Alikaa kwenye benchi lako, kwa kuwa ndilo lililokuwa karibu na mlango. Papa Jules alikuwepo, na Trésor, mwanao, na Kaswera. Nadine alisema anaolewa baada ya miezi michache na atahamia Kisangani. Alisema anaomba ruhusa ya kuwagawa wasichana alionao, nusu watoke wageni, nusu wawe wenyeji, ili mchezo uchezwe mzima kwenye kumbukumbu yako.

Trésor hakutaka kusikia. "Mama alikatala."

"Alimukatalia Papa Gustave. Miye si Papa Gustave."

"Alikatala kwa wote, Nadine. Hata kwako, pale njia panda."

"Niko nakumbuka kuliko weye, nilikuwa nalia pale," Nadine alisema. "Lakini hawa wadogo hawajue Kalembe. Joséphine-Marie hawamujue. Nikienda, nani atawafundisha kungojea muntu hawajamuona? Watanyosha mikono mwaka moja, halafu wataacha. Mutabaki na nini? Mama alikuwa na watu wa kungojea. Hawa hawana."

Trésor alimtazama baba yake. Jules alikuwa anakuna ukucha, kama afanyavyo anapopiga hesabu za duka. Aliuliza jambo moja tu.

"Watu wa Masisi watajua?"

"Nitamutumia Joséphine-Marie habari, Papa. Lakini yeye alishatua chini."

Jules alisema, "Fanyeni."

Kwa hiyo leo, Jumamosi, baada ya misa ya asubuhi, Mapokezi yatachezwa kwenye uwanja wa parokia ya Walikale. Wageni watatokea upande wa barabara na vitunga vyenye viazi, na wenyeji watawatua. Binti wa Mama Emérita yuko kati ya wenyeji; mama yake alimleta mwenyewe, kwa kuwa sasa mbele ya mikono kutakuwa na mtu. Tuliona mazoezi. Vitunga vinapokelewa vizuri, hakuna kinachoanguka. Wanaopokea na wanaopokelewa wanatoka mtaa mmoja, wanakwenda kisima kimoja, na vidole vyao havijawahi kuogopana. Pale mahali pa pumzi moja, ulipotumia karibu mwaka mzima, wao walipaweza kwa siku chache.

Itakuwa mara ya kwanza watu kuuona mchezo wako mzima, nawe hukuutunga uchezwe hivi. Uliukataa uchezwe hivi, na sisi tumeruhusu. Tulitaka ulisikie hilo kwetu, usilisikie kwa watu.

Papa Jules atakuwepo kwenye misa. Misa ikiisha atarudi nyumbani kwa njia ya nyuma ya shule, ambako uwanja hauonekani. Tulimwuliza kama anataka mtu wa kumsindikiza. Alisema njia anaijua.

Wanaokukumbuka ni mume wako Jules. Wanao Trésor na Kaswera. Kaka yako Henri na jamaa wote wa Butembo. Shemeji yako Floribert. Nadine, Joséphine-Marie na Mukankusi, ambao uliwahesabu kuwa wa nyumbani. Na wote waliowahi kusimama kwenye mistari yako, upande huu na upande ule.

Siku zote tutakazobakiwa nazo, Mama Godelieve, hatutakusahau.